'Invest' si kuwekeza pekee

Kitenzi cha Kiingereza 'invest' aghalabu hutafsiriwa kwa neno moja tu: kuwekeza. Tafsiri hiyo ni sahihi katika taarifa za biashara, lakini haifai kila mahali.

Asili ya kitenzi hiki ni Kilatini, ambamo 'vestis' ni vazi. Maana yake ya awali ilikuwa kumvika mtu, hasa joho la wadhifa. Ndiposa askofu anapokabidhiwa mamlaka, Kiswahili husema amesimikwa, naye mfalme ametawazwa. Hakuna awekezwaye. Katika habari za vita, kitenzi hicho hicho humaanisha kuzingira au kuhusuru, kama majeshi ya Oman yalivyoihusuru Fort Jesus, Mombasa, kuanzia mwaka 1696 hadi 1698.

Maana ya fedha iliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17 kupitia biashara ya India Mashariki, yamkini kutoka Kiitaliano. Dhana ya vazi ingalipo: fedha huvua umbo la sarafu na kuvaa umbo la bidhaa, zikitarajiwa kurejea na faida.

Katika Kiswahili, wekeza limenyambuliwa kutokana na weka, ila maana zake hazilingani. Kuweka akiba ni kuhifadhi. Kutenga ni kuziweka fedha kando kwa shughuli maalumu. Kugharimia ni kulipia. Kuwekeza ni kuzitia fedha katika shughuli itakayozaa. Kwa hivyo, serikali iliyotenga fedha za barabara katika bajeti haijawekeza bado. Naye mzazi anayelipa karo anagharimia elimu. Tukisema anawekeza, tunatumia sitiari.

Tofauti hizi si za wanaisimu pekee. Miradi ya piramidi ilipoporomoka nchini Kenya mwaka 2007, wengi waliopoteza fedha zao walikuwa wameambiwa kwamba wanawekeza. Lakini katika piramidi fedha hazigeuki kuwa shamba, duka wala kiwanda. Aliyetangulia hulipwa kwa fedha za anayefuata, na wafuasi wakiisha, malipo nayo hukoma.

Basi msomaji, ukihimizwa kuwekeza, uliza kwanza: fedha zangu zitavaa umbo gani, na nani ataziandika? Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.