Kumbukumbu, Mizani na Ukariri wa Mashairi

Aghalabu mwanafunzi wa ushairi huamini kwamba ubeti ukirudiwarudiwa vya kutosha utakaa akilini. Imani hiyo ni nusu ya ukweli tu, nayo imewaponza wengi katika chumba cha mtihani.

Mnamo 1974, Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza kwamba kumbukumbu tendaji, yaani ile inayoshikilia habari huku akili ikizifanyia kazi, si ghala moja bali ni mfumo wenye sehemu kadhaa. Mojawapo hushughulikia sauti: maneno hurudiwa kimoyomoyo yasije yakafifia. Uwezo wake ni finyu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 1975 yalionyesha kuwa mtu hukumbuka papo hapo takriban maneno awezayo kuyatamka kwa sekunde 2. Yamkini hapa ndipo umbo la shairi la Kiswahili linapopata mantiki yake. Mshororo wa mizani 16 ni mzigo. Ukigawika kuwa ukwapi na utao wa mizani 8 8, kila kipande huchukulika, na kina hudokeza neno lijalo. Malenga wa kale hawakuhitaji maabara kulijua hili.

Hata hivyo, kushikilia si kuhifadhi. Mwaka wa 1973, Fergus Craik na Michael Watkins waliwapa watu orodha za maneno, wakawaagiza washike lile la mwisho tu lililoanza kwa herufi fulani. Kwa hiyo maneno mengine yalishikiliwa kwa muda mrefu, na mengine yakapokewa upesi na yaliyofuata. Walipotakiwa ghafla kuyataja yote, yale yaliyoshikiliwa kwa muda mrefu hayakukumbukwa zaidi ya mengine!

Kinachodumu ni kile kilichofumwa na maana kingali katika kumbukumbu tendaji. Anayejiuliza kwa nini mshairi alitumia inkisari hapa, au anamlenga nani kwa fumbo lile, hujifungulia njia nyingi za kuurejea ubeti. Anayeurudia kama kasuku ana njia moja tu, sauti, nayo hukatika upesi.

Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840 hivi, zilikusanywa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor baadaye katika karne hiyo, nyingi zikitoka vichwani mwa wenyeji wa Mombasa. Vina vilisaidia, bila shaka. Lakini wenyeji hao walizijua pia fitina na vita vilivyozizaa, na uhasama wa Wamazrui na Seyyid Said haukuwa kwao jambo la vitabuni.