Anayekuandikia Ukoo, Alisoma Lini Mara ya Mwisho?

Mzee anapofariki bila kuacha wosia, kazi ya kwanza ya familia baada ya matanga si kugawana shamba, ni kutaja watu. Nani alikuwa mke, nani ni mtoto, nani alitangulia akaacha watoto, nani alihamia Tana River miaka arobaini iliyopita na hajarudi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Urithi (Sura ya 160) kinamtaka anayefungua kesi ya mirathi aorodheshe mke au mume aliye hai, watoto, wazazi na ndugu wa marehemu, pamoja na watoto wa mtoto aliyekwisha kufariki. Mara nyingi orodha hiyo huanzia kwenye barua ya chifu. Chifu naye huwategemea wazee wa mtaa na yule mtu mmoja katika ukoo anayesifika kwamba "anajua watu".

Huyo anayejua watu ndiye mtaalamu wa nasaba, hata kama hajawahi kuitwa hivyo. Wako pia wanaoifanya kazi hiyo kwa malipo, wakiwemo makarani waliostaafu na vijana wanaochora mti wa ukoo kwa kompyuta. Hakuna sheria ya Kenya inayowasajili wala bodi inayowapa leseni, kwa hivyo mkazi wa Kilifi anayemtafuta mtu wa kumsaidia hana cheti cha kuangalia ukutani. Anachoweza kufanya ni kuuliza huyo mtu alijifunza wapi, na kama bado anajifunza.

Swali hilo si la adabu tu. Kifungu cha 76 cha sheria hiyo hiyo kinairuhusu mahakama kufuta hati ya usimamizi wa mirathi wakati wowote, hata ikiwa imekwisha kuthibitishwa, iwapo ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo muhimu. Vilevile inaweza kufutwa kwa sababu ya maelezo ya msingi yasiyo ya kweli, hata kama aliyeyatoa hakujua kwamba si ya kweli. Yaani kosa la mtafiti mwenye nia njema linaweza kuirudisha familia mahakamani baada ya vigingi vya mipaka kuwekwa.

Makosa yenyewe huanzia kwenye mambo madogo. Chukua jina. Miongoni mwa Wagiriama na Wamijikenda wengine, kijana wa kwanza mara nyingi hupewa jina la babu mzaa baba. Katana Ngumbao akipata mwana, anaitwa Ngumbao Katana. Huyo naye akipata mwana, anakuwa Katana Ngumbao tena. Faili moja ya ardhi basi inaweza kuwa na akina Katana Ngumbao wawili, babu na mjukuu. Asiyefunzwa huwafanya mtu mmoja, na kizazi cha katikati, pamoja na mabinti wake wote, kinatoweka kwenye karatasi. Aliyefunzwa hutafuta kitu cha kuwatenganisha: nambari ya kitambulisho, jina la mama, rika, au njaa na mafuriko ambayo wazee huyatumia kuhesabia miaka.

Maneno ya undugu nayo hutega. Nyumbani, ndugu wa baba ni baba, na watoto wa ndugu yako ni watoto wako. Lugha hiyo ni ya heshima na hakuna anayetaka ibadilike, lakini karani akiandika "mtoto" kama alivyosikia, mpwa anageuka mrithi wa moja kwa moja. Kwa Waislamu wanaokwenda mbele ya Kadhi jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa ndugu wa baba na mama mmoja, ndugu wa baba tu na ndugu wa mama tu hawahesabiwi sawa katika faraidhi. Anayeandika "ndugu" akaachia hapo amempa Kadhi kazi ambayo angepaswa kuimaliza yeye barazani, mbele ya mkeka wa bibi.

Halafu kuna kumbukumbu za serikali, ambazo zina mapengo ya kihistoria. Kipande cha enzi ya ukoloni, kilichoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilikuwa cha wanaume Waafrika peke yao. Usajili wa vizazi na vifo haukuenea nchi nzima hadi mwaka 1971. Mtu anayemtafuta nyanya aliyezaliwa miaka ya 1930 asipomkuta kwenye rejista hajathibitisha lolote, kwa sababu rejista haikumtafuta nyanya huyo. Ushahidi wake uko kwingine: vitabu vya ubatizo, mashahidi wa mahari, kaburi, kumbukumbu za mashemeji.

Rabai inaonyesha vizuri kwa nini mtafiti anahitaji historia na si ufundi wa kujaza fomu tu. Wamishenari Krapf na Rebmann waliweka kituo pale mwaka 1846. Baadaye misheni ya Rabai na ile ya Frere Town upande wa Mombasa ziliwapokea watu waliookolewa au kutoroka utumwani, na wengi wakapewa majina mapya walipobatizwa. Mjukuu wa watu hao anaweza kubeba jina la Kiingereza ambalo halina ukoo wowote wa Uingereza nyuma yake, wala mbari ya Kimijikenda. Mtafiti asiyeijua habari hiyo atazunguka kwa wazee wa kaya akitafuta mbari isiyokuwepo, huku akitoza ada ya kila siku.

Hata aliyekuwa hodari miaka ishirini iliyopita amepitwa na mengi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, ilikataa hoja kwamba binti apate kidogo kwa kuwa huenda akaolewa. Bado kuna orodha za ukoo zinazoandikwa zikiwa na wana wa kiume peke yao. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichozuia jina la baba kuandikwa kwenye usajili wa mtoto wa mama asiyeolewa ila kwa ombi la wazazi wote wawili. Hivyo nafasi tupu kwenye cheti cha zamani si ushahidi kwamba baba hakujulikana. Juni 2025 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wake kwa sababu hiyo pekee. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, anayekusanya majina, tarehe za kuzaliwa na nambari za vitambulisho vya watu walio hai ana wajibu wa kuzilinda. Kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo si kuzilinda.

Katika nchi nyingine kazi hii imewekewa utaratibu. Marekani kuna bodi ya kuthibitisha watafiti wa nasaba iliyoundwa mwaka 1964, na cheti chake hudumu miaka mitano tu. Mwenye cheti anayetaka kuendelea nacho hupeleka kazi yake ikapimwe upya. Kipimo kinachotumika huko kingefaa hata chini ya mwembe: tafuta kila mahali panapoweza kuwa na habari, taja kila jina ulilipata wapi, linganisha habari hizo, tatua zinapopingana, kisha andika hitimisho lenye sababu. Uingereza, Chuo Kikuu cha Strathclyde kilichoko Glasgow hufundisha somo hilo kufikia shahada ya uzamili.

Hapa nchini mafunzo ni ya kuokoteza, lakini yapo. Chuo Kikuu cha Moi hufundisha utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Watumishi wa umma wana Chuo cha Serikali cha Kenya, chenye kampasi Mombasa na Matuga. Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa, Moi Avenue jijini Nairobi, ina faili za utawala wa wilaya za Pwani, na siku chache za kuzisoma hufundisha kuliko semina nyingi. Hukumu za mahakama husomwa bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law. Mtafiti asiyewahi kuifungua hana sababu ya kujitetea.

Mirathi na usajili wa watu ni kazi za Mahakama na serikali ya kitaifa, si za kaunti, kwa hivyo mkazi asitumwe kwenye ofisi ya wadi kutafuta barua ya mirathi. Lakini anayemlipa mtu amwandikie ukoo ana haki ya kudai nakala ambayo kando ya kila jina imeandikwa nani alilitaja, lini, na ana uhusiano gani na marehemu. Aulize pia ni hukumu gani ya karibuni iliyobadilisha namna mtafiti huyo anavyofanya kazi. Hatimiliki na vyeti halisi vibaki nyumbani. Atoe nakala tu.

Aliyeachwa nje ya orodha naye aangalie Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa. Tangazo la mirathi likishachapishwa, huwa na siku 30 za kuwasilisha pingamizi katika mahakama iliyotajwa humo. Siku hizo zikimpita, bado anaweza kupinga mgao kabla hati haijathibitishwa, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya miezi sita. Aende na majina ya mashahidi wawili au watatu wanaomjua tangu utotoni, na kama yupo bibi anayekumbuka, amrekodi wiki hii.