Panzi Aliyenyamazisha Mizinga

Haikuwa na bunduki wala bomu. Injini yake ilikuwa ya nguvu za farasi 65, na mwili wake ulikuwa kitambaa kilichowambwa juu ya mabomba ya chuma. Kwa mwendo wa kilomita 120 hivi kwa saa, wapo madereva wa mabasi ya mikoani ambao wangeiacha nyuma. Lakini katika Vita Kuu ya Pili, Piper L-4 ya Jeshi la Marekani ilipotokea angani, wapiga mizinga wa Kijerumani mara nyingi walinyamaza.

Mzinga hupiga mbali kuliko macho ya anayeupiga. Kombora huruka kilima na kuangukia bonde la pili, na aliyelirusha hajui kama limempata adui au limeng'oa miti tu. Ndani ya L-4 walikaa wawili, rubani na mwangalizi mwenye redio. Wakizunguka taratibu, mara nyingi juu ya upande wao wenyewe, waliona moshi wa kombora la kwanza, wakaagiza: kulia mita mia, ongezeni mia mbili. La pili lilisogea. Baada ya machache mengine, shabaha ilipatikana. Mjerumani aliyefyatua mzinga wakati huo alikuwa amefichua maficho yake, na makombora hayakuchelewa kumfuata. Heri kukaa kimya.

Tangu Juni 1942, vikosi vya mizinga vya Marekani viliruhusiwa kumiliki ndege hizi vyenyewe, badala ya kuwaomba watu wa anga. Zililala malishoni karibu na mizinga na kuruka kutoka barabara za vijijini. Wanajeshi waliziita Panzi.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Novemba 1942, L-4 tatu ziliruka kutoka meli ya kubeba ndege Ranger, pwani ya Moroko, zikapokewa kwa risasi za Wamarekani wenzao ambao hawakuzitambua.

Wapo marubani wa Panzi waliochoka kutazama tu. Charles Carpenter, mwalimu wa historia kabla ya vita, alifunga bazuka sita kwenye mabawa na mwaka 1944 akashambulia vifaru nchini Ufaransa. Magazeti yalimpenda, ila silaha kali ya Panzi ilibaki redio.

Kazi hii ya kuongoza mizinga kutoka angani Rufiji iliiona mapema zaidi, katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 11 Julai 1915, ndege ya Waingereza kutoka kisiwa cha Mafia iliongoza mizinga ya meli zao Severn na Mersey dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha ndani ya delta. Ndege ilipigwa. Ikishuka, mwangalizi Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi yeye na rubani Cull walipoangukia majini, wakaokolewa. Siku hiyohiyo mabaharia wa Königsberg waliilipua meli yao wenyewe. Mizinga yake iliopolewa ikapigana nchi kavu, na mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa.