Je, Wajua? Hekta za Ulaya, Vipande vya Rubavu

Je, wajua kwamba nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya zikijumlishwa zina mashamba machache kuliko vipande vya ardhi vilivyoandikishwa Rwanda peke yake? Sensa ya kilimo ya mwaka 2020 ilihesabu mashamba milioni 9.1 Ulaya. Rwanda ilipopima ardhi ya nchi nzima na kutoa hati, kazi iliyokamilika mwaka 2013, vipande vilizidi milioni 10. Kweli, kipande si shamba. Familia moja ya Bugeshi, wilayani Rubavu, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, yaweza kuwa na vitatu, kimoja nyuma ya nyumba na kingine ng'ambo ya kilima, na ndani ya milioni hizo mna viwanja vya nyumba za mjini Gisenyi pia.

Huko Ulaya mashamba yanamezana. Kati ya mwaka 2005 na 2020 yalitoweka milioni 5.3, mengi yakiwa madogo. Wastani mwaka 2020 ulikuwa hekta 17.4, na Ufaransa 69. Katika kila wakulima 100, walio chini ya miaka 40 hawakuzidi 12. Rubavu vijana wapo tele, ila udongo wa kuwarithisha ndio haupo: kaya nyingi za Rwanda hulima chini ya hekta moja.

Je, wajua kwamba sheria iliwahi kujaribu kuzuia urithi usikatwekatwe? Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ilikataza kugawa shamba la hekta moja au pungufu. Sasa baba mwenye nusu hekta na wana wanne afanyeje? Kwenye hati shamba likabaki moja, na huko shambani watu wakagawana kwa mdomo. Mbinu iliyofuata ilikuwa na akili zaidi. Chini ya mpango wa kuongeza mazao ulioanza mwaka 2007, kila mtu alibaki na kipande chake na hati yake, lakini majirani wakatakiwa kupanda zao moja kwa wakati mmoja, mbegu na mbolea zije kwa pamoja. Kwenye udongo mweusi wa volkano wa Rubavu zao hilo ni viazi mviringo. Kasoro yake anaijua mama aliyezoea kuchanganya maharage na mahindi: bei ya viazi ikianguka, inawaangukia wote siku hiyohiyo, na hana cha pembeni cha kukimbilia.

Je, wajua kwamba fedha za Ulaya ziliwahi kupunguza makazi ya gorila wa milimani? Mwaka 1969 karibu hekta 10,000 zilimegwa kutoka hifadhi ya volkano kwa ajili ya pareto, mradi uliogharimiwa na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Familia zilipewa mashamba kwa sharti la kupanda ua hilo linaloua wadudu. Kisha dawa za viwandani zikashusha bei ya pareto. Bado hulimwa, lakini nenda Bugeshi leo uone ni zao gani linalojaza magunia.

Msitu wa Gishwati, ulioenea hadi Rubavu, uliumia zaidi. Miaka ya 1970 ulikuwa na hekta 28,000 hivi. Mradi wa malisho na miti ya kupandwa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kisha wakimbizi waliorejea baada ya vita, viliufikisha kwenye hekta 600 tu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutoka vilima vya Gishwati hutiririka mto Sebeya, na Mei 2023 ulifurika na kuangusha nyumba Rubavu. Matuta ya ngazi yamejengwa na miti kupandwa kwenye miteremko yake, sehemu ya gharama ikilipwa na Uholanzi. Aidha, sheria inataka ukingo wa mto mkubwa uachwe mita 10 bila kulimwa. Mkulima wa Ulaya akiacha ukanda wa majani kando ya maji aweza kupata ruzuku. Kwa mwenye robo hekta kando ya Sebeya, mita hizo ni magunia ya viazi ambayo hayatavunwa.