Nyumba Iliyoezuliwa Kabla ya Mvua

Somo: 2 Wafalme 12:4-16

Aliye na Biblia karibu na afungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 12. Asiye nayo karibu na aendelee na uji wake, nitamsimulia.

Kuna mama mmoja, mjane, katika vilima vya Mbooni. Jina lake sitalitaja. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, naye aliijenga na marehemu mumewe kwa nguvu za mwethya, majirani wakibeba mawe na maji kutoka bondeni. Watoto wake walio kazini Nairobi na Mombasa walichanga shilingi 180,000 ili nyumba hiyo itengenezwe: chumba kimoja kiongezwe, paa lililoliwa na mchwa lifanywe upya, na sakafu ya udongo iwe ya simiti. Mama akaja kwangu akaniuliza, "Mchungaji, nimwite fundi gani?"

Nikamtajia mmoja. Nilimtaja kwa kuwa alikuwa ndugu yetu, aliimba katika kwaya, na alipoomba watu walitokwa na machozi. Kazi ya mikono yake niliijua moja tu, chumba cha kuvalia majoho alichotujengea kanisani, nacho sikuwa nimekitazama vizuri.

Fundi alifika mwezi wa Septemba. Hapakuandikwa karatasi yoyote. Aliomba shilingi 120,000 kwa mara moja, akisema vifaa vinapanda bei kila juma, na mama akampa. Angemkataliaje fundi wa Mchungaji? Juma la kwanza akaondoa mabati yote ya zamani. Juma la pili akachimba msingi wa chumba kipya na kuinua ukuta, tena akaupiga plasta upesi ili uonekane umekwisha. Juma la tatu alionekana siku mbili. Juma la nne simu yake haikupatikana.

Ninyi nyote mwajua kwamba kwetu Ukambani mvua tunayoitegemea zaidi ni ile ya mwisho wa mwaka. Mwisho wa Oktoba ilinyesha, usiku, juu ya nyumba isiyo na paa. Mama alikimbilia jikoni na mjukuu wake. Mbegu za mahindi, kunde na ndengu, alizozichagua moja moja ili azipande juma lile, zililowa ndani ya magunia. Nilipofika alikuwa amezianika juu ya kitenge. Hakunilaumu kwa neno lolote. Alinipa kiti, nami nilitamani afadhali anifokee.

Nilirudi siku ya pili pamoja na mzee mmoja aliyekuwa fundi tangu ujana wake. Alitoa ufunguo mfukoni akakwaruza plasta, ikamwagika kama unga. Akaniambia nishike. Kisha akanieleza, nami nawaeleza ninyi, maana jambo hili twapaswa kulijua kabla ya kutoa fedha.

Ukuta hushikwa na mchanganyiko. Sehemu moja ya simiti hutaka sehemu nne hadi sita za mchanga, na huyu alikuwa amepita kiasi hicho mbali sana, akiokoa mifuko. Tena mchanga wenyewe haukuwa wa mto. Makueni tuna sheria ya kaunti ya kulinda mchanga tangu mwaka 2015, na ni sheria njema, kwa kuwa mchanga wa mito kama Thwake na Kaiti ndio unaotuwekea maji wakati wa kiangazi. Lakini fundi anayetaka njia ya mkato huchota udongo wa korongoni akauita mchanga. Mzee alinifundisha namna ya kuupima. Tia mchanga katika chupa hadi nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uiache chupa saa chache. Mchanga hukaa chini na tope hukaa juu yake. Tope likizidi kama sehemu moja ya kumi, mrudishie mwenye lori mchanga wake. Mtoto wa shule aweza kufanya kazi hiyo.

La mwisho ni maji. Wengi hudhani simiti hukauka kama nguo juani. Sivyo. Simiti hushika kwa sababu ya maji, kwa hiyo ukuta mpya na sakafu mpya hunyweshwa asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Mahali ambapo maji huja kwa punda, fundi mvivu huona ni taabu bure. Hapo ndipo nyufa huanzia.

Nabii Ezekieli, mlango wa 13, ausema ukuta dhaifu uliopakwa chokaa ili upendeze, na mvua kubwa ikaja ikauangusha. Nilikuwa nimehubiri mlango huo mara mbili, sikudhani ningeushika kwa vidole vyangu.

Sasa turudi kwa Mfalme Yoashi. Yeye naye alikuwa na nyumba ya kutengeneza, nayo ilikuwa Hekalu la Bwana. Aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuziba mabomoko. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, fedha zilikuwa zimepokewa, na mabomoko yalikuwa vilevile. Angalieni ni nani walioshindwa. Si waashi, wala si maseremala. Waashi hawakuwa wameitwa bado! Walioshindwa ni makuhani, watu wa madhabahu, ambao fedha zilipita mikononi mwao.

Mfalme hakufanya mahubiri marefu juu ya uaminifu. Alibadili mpango. Kuhani Yehoyada alichukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, walikuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja. Ndipo zikapimwa mikononi mwa wasimamizi, nao wakawalipa mafundi, wakanunua mbao na mawe ya kuchongwa. Ni baada ya hayo yote ndipo twasoma kwamba wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ndugu wengi huanzia kwenye mstari huo wa 15 na kusema, "Mtu wa Mungu hahesabiwi." Wanaruka sanduku, wanawaruka na wale wawili waliohesabu.

Basi ukitaka kutengeneza nyumba, tafuta kwanza nyumba aliyoijenga fundi huyo miaka mitatu iliyopita, uikwaruze kwa ufunguo. Andikeni mapatano, hata kwa kalamu ya mtoto, mashahidi wawe wawili. Vifaa ununue mwenyewe, au mwanao avinunue na risiti uitunze. Fundi umlipe kazi ya mikono, na umlipe kwa hatua: msingi umekwisha, lipa. Ukuta umefika usawa wa madirisha, lipa. Na fungu la mwisho libaki kwako mpaka mvua moja imenyesha. Paa la zamani lisiondolewe kabla mabati mapya hayajafika uani. Tena iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huandikisha makontrakta na kuwatambua mafundi. Kumwuliza mtu cheti si kumtukana.

Nilimtafuta fundi wetu majuma matatu. Hatimaye niliambiwa yuko Kitui, nikavuka Athi, nikamkuta juu ya jukwaa la miti akiwajengea watu duka. Nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno makali njia nzima. Aliteremka akanawa mikono, akasema, "Mchungaji, zile fedha za mama nililipa deni la mbao. Mbao za kanisa."

Chumba kile cha majoho. Tulikuwa tumepatana naye shilingi 85,000, tukamlipa 48,000. Zilizobaki 37,000 tulizipeleka kutoka mkutano mmoja wa halmashauri hadi mwingine kwa miaka miwili, na mwenye duka la mbao alikuwa amechoka kumngoja. Nilirudi nikafungua kitabu cha mkutano. Deni liliandikwa pale, na chini yake sahihi ni yangu. Katika miaka hiyohiyo miwili tulinunua vipaza sauti vipya. Mwandishi wa Wafalme hakusahau kueleza kwamba fedha za matengenezo hazikutumika kufanya vikombe vya fedha wala tarumbeta. Mimi nilikuwa nimeusoma mstari huo na kuupita.

Msinielewe vibaya. Deni la kanisa halikumpa fundi ruhusa ya kula fedha za mjane, wala halikumlazimisha kuweka udongo mahali pa mchanga. Nilimwambia hivyo, naye hakubisha. Lakini Yakobo, mlango wa 5, asema ujira uliozuiwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Kilio cha ujira wa mtu huyu kilimpitia kwanza mama asiyejua lolote.

Wazee kadhaa walimsihi mama asiende kokote kushtaki, wakitaja 1 Wakorintho 6. Mimi siafiki kuisoma hivyo. Paulo alitaka wenye hekima wa kanisa waamue haki kati ya ndugu, na katika mlango uohuo awakemea wanaowadhulumu ndugu zao. Kanisa likikaa kimya halijamtii Paulo. Mama alikuwa na haki ya kwenda kwa chifu, au mahakama ya madai madogo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Hakwenda, kwa kuwa tulikaa naye, fundi akiwapo, na kuandika. Halmashauri ililipa zile 37,000 moja kwa moja duka la mabati kwa jina la mama. Vipaza sauti viwili tuliviuza. Mwezi wa Januari fundi alirudi, akaubomoa ukuta wake kwa nyundo yake mwenyewe, akaanza upya kutoka msingi. Mama aliweka kiti mlangoni kila asubuhi akaihesabu mifuko ya simiti iliyofunguliwa, na jioni mjukuu aliumwagia ukuta maji kwa kikopo. Fedha nyingine fundi angali anazilipa, shilingi 2,000 kila mwezi, na mtunza hazina huziandika.

Akina mama wa kanisa walimchangia mbegu, lakini zilifika mvua ikiwa imekwisha kukatika. Msimu ule shamba lake halikutoa kunde.