Kudhoofisha Hoja Si Kumtukana Msemaji
Katika LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani ulioanza mwaka 1948, mtahiniwa huulizwa: ni kauli ipi, ikichukuliwa kuwa kweli, inayoidhoofisha hoja zaidi?

Tuseme mtu anadai: shule ilijenga maktaba, matokeo yakapanda, basi maktaba ndiyo sababu. Jibu halikanushi maktaba wala matokeo. Husema tu kwamba mwaka uo huo walimu waliongezwa. Hoja haijafa, lakini kiungo kati ya ushahidi na hitimisho kimelegea.

Nimesimamia midahalo mingi, nami nasikitika: wanafunzi wetu humshambulia msemaji, hoja yake ikabaki nzima. Walimu wenzangu, tuwafunze kukitafuta kiungo hicho. Matusi hayaangushi hoja.