Si Lazima Udance TikTok Ndio Upate Wateja: Form ya Biz Ndogo Bila Stress

Tuongee ukweli. Kazi unaijua. Unaosha sofa zinarudi kama mpya, ama unasuka, ama unafilia wasee returns za KRA. Lakini simu imenyamaza, rent inanukia, na kila mtu anakushow eti uweke video kila siku. Umeweka tatu. Waliocheki wengi ni mabinamu. Ukalipia tangazo punch moja, likes zikaingia, mteja hata mmoja hakuna.

Tulia. Hauna shida ya talanta, na hauhitaji kuwa celeb.

Piga hesabu kwanza

Tuseme unaosha sofa na seti moja inakula masaa tatu. Kwa siku, ukijikaza sana, ni seti tatu. Siku sita za wiki ni kazi 18, basi. Sasa followers elfu kumi ni wa nini?

Alafu jiulize: nani huingiza msee asiyemjua kejani juu ya video poa? Watu huingiza yule jirani amesema, "Huyo anaosha fiti na hakugusa kitu yangu." Unauza uaminifu, na huo uko kwa watu umeshawafanyia kazi.

1. Rudia wateja wa zamani

Ingia WhatsApp, rudi nyuma miezi sita, andika majina ya wote uliwafanyia kazi. Watext mmoja mmoja. Usibandike tangazo, uliza kuhusu kazi: "Sasa Mama Brayo, ni yule wa sofa. Ile doa ya chai ilitoka kabisa ama ilirudi?"

Kama ilirudi, enda urudie bila kulipisha. Kama ilitoka, mwambie akisikia jirani anatafuta mtu wa sofa, ampee namba yako. Hapo umeuza bila kuuza.

2. Hakikisha wamesave namba yako

Hii wengi hawajui. Ukituma broadcast ya WhatsApp, haimfikii mtu ambaye hajasave namba yako. Unaweza kuwa unaongea na ukuta mwaka mzima. So kazi ikiisha, kabla uondoke, mwambie, "Nisave, andika jina na 'Sofa', ndio ukinitafuta unipate haraka." Status nayo hukaa masaa 24 tu, kwa hivyo picha moja ya kabla na baada, mara moja kwa wiki, inatosha.

3. Andika bei

Ile mambo ya "njoo inbox" inakimbiza watu. Pakua WhatsApp Business, ni ya bure. Panga huduma zako na bei kwa katalogi, alafu tengeneza majibu ya haraka ndio usichape kitu moja mara ishirini kwa siku.

4. Jiweke kwa Google

Mtu akimwagikiwa na maji saa mbili usiku hatafuti mtu TikTok, anauliza Google fundi wa karibu. Google Business Profile ni bure, na kama unafanyia kazi kwa nyumba za watu unaweza kuficha address yako uonyeshe tu mitaa unafika: Umoja, Donholm, Roysambu. Omba kila mteja ameridhika akuandikie maoni. Usiwalipe wala kuwapea discount wakuandikie, Google imekataza hiyo.

5. Jua msimu wako

Returns za watu binafsi mwisho ni Juni 30. Kama hiyo ndio kazi yako, kumbusha wateja wako Mei, si Juni 29 wakati kila mtu amepanic na mtandao unakwama. Mtu wa sofa na mtu wa nywele, anza kubook watu Novemba, kabla Krismasi iwapate mko na foleni.

6. Jua caretaker

Ploti ya keja arobaini iko na mtu mmoja anajua nani anahama, nani anaingia, na bomba ya nani inavuja. Msalimie, muachie namba, na akikuletea kazi mtoe ya chai.

Usifanye hii

Usinunue list ya namba za watu uanze kuwatumia meseji. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu akubali kwanza. Hata bila sheria, nani huajiri msee amemsumbua?

Hizi zote hazikuli zaidi ya lisaa limoja kwa wiki. Chagua Jumatatu asubuhi: text watu watano, weka picha moja, omba maoni mawili, funga simu uende job. Alafu shika simu ikilia, na ukisema saa tatu, fika saa tatu. Hapo tu umeshapita mafundi wengi hii Nairobi.

Mtu wa kwanza kwa list yako ni nani? Mtext saa hii, kabla uscroll.